Tairi la Theluji Katika Mteremko wa Makindye

Jioni moja ya Novemba 2017 gari la kaka yangu lilikataa kusimama kwenye mteremko wa Makindye unaoshuka kuelekea Kibuye. Mvua ilikuwa imenyesha kama nusu saa, wala haikuwa mvua ya kutisha. Mbele yetu kijana wa bodaboda alikuwa amesimama kando ya lami akisubiri abiria wake afunge koti. Kaka akakanyaga breki mapema, mapema kuliko ambavyo mimi ningekanyaga. Nilisikia breki ikitetemeka chini ya mguu wake, nikaona mikono yake ikikaza usukani, na gari likaendelea kuteleza taratibu kama sabuni kwenye beseni. Abiria aliruka pembeni. Kijana hakuwahi. Mguu wake wa kulia ulivunjika mahali pawili, na ilipita zaidi ya nusu mwaka kabla hajarudi kazini.

Gari lenyewe lilikuwa Subaru Impreza WRX ya 2005, yenye tabo, ambayo kaka alikuwa ameihifadhia pesa kwa miaka minne. Kila aliyeliona siku lilipofika nyumbani Makindye alisifu vitu viwili: mlio wake na matairi yake. Matairi yalikuwa na meno marefu, hayajaliwa, na rangi yake ilikuwa nyeusi ya kung'aa. Jirani mmoja alisema kaka amebahatika, kwamba matairi peke yake yangemgharimu pesa nyingi kama angeyanunua mjini. Tulikubali. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kusoma yaliyoandikwa ubavuni.

Baada ya ajali gari lilipelekwa Katwe. Fundi wa breki alifungua magurudumu yote manne, akakagua pedi, disiki na mabomba, akasema breki ni nzima. Aliyetatua fumbo alikuwa mzee wa jirani yake, fundi wa matairi, ambaye hata hakuwa ameitwa. Alipita, akasimama, akabonyeza jino moja la tairi kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukazama. Akaniuliza, "Mwanangu, mpira huu ni wa kwenda wapi?" Nikachuchumaa, nikasoma kwa sauti: STUDLESS. Kando yake kulikuwa na tarakimu nne, 4713, na mchoro mdogo wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati.

Nimeandika insha hii kwa sababu swali la mzee lilinifuata hadi darasani. Katika kozi zetu za historia tumezoea mikataba, watawala na vita. Sina ugomvi navyo. Lakini tairi lililotengenezwa kwa ajili ya barafu halifiki Makindye, umbali mfupi kutoka mstari wa ikweta, kwa bahati tu. Lilipita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja wao alikuwa na sababu yake. Nilitaka kuzijua sababu hizo, na nikiri mapema kwamba nilitaka pia kujua ni kiasi gani cha kosa kilikuwa cha kaka yangu.

Nianze na tarakimu, kwa kuwa ndizo rahisi. Tangu mwaka 2000 tairi hubeba tarakimu nne za tarehe: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 4713 ni wiki ya 47 ya 2013, yaani Novemba, mwezi ambao watu wa nchi za kaskazini hubadilisha matairi yao. Mlima wenye chembe ya theluji ni alama ya tairi lililofaulu jaribio la kushika theluji. Alama hiyo isichanganywe na herufi M+S, ambazo maana yake ni tope na theluji. M+S hupigwa pia kwenye matairi mengi ya kawaida ya magari makubwa, hata yale ambayo hayajawahi kuona baridi, na mtu akiiona asiogope. Ule mlima ndio wa kuangalia.

Hadithi ya matairi ya namna hiyo ilianzia Ufini. Mwaka 1934 kiwanda ambacho leo tunakiita Nokian kilitoa tairi la malori lililobuniwa kwa ajili ya majira ya baridi, na 1936 kikatoa la magari madogo. Baadaye watu walipigilia misumari midogo ya chuma kwenye meno ya tairi ili yaung'ate barafu. Misumari ilisaidia sana, na ikaenea hadi Japani, ambako miji ya kaskazini kama Sapporo na Sendai hupata baridi kali. Tatizo lilijitokeza theluji ilipoyeyuka. Misumari ilikuwa ikikwangua lami tupu, na vumbi la lami likajaa hewani. Watu wa Sendai walilalamika kwa miaka, na malalamiko yao yakawa jambo la taifa. Mwaka 1990 Japani ikapitisha sheria ya kuzuia vumbi hilo, na tairi la misumari likatoweka katika magari ya kawaida.

Viwanda vilikuwa vimeshaanza kutafuta njia nyingine. Michelin ilikuwa imeuza tairi la baridi lisilo na misumari nchini Japani tangu 1982, na 1988 Bridgestone ikaleta Blizzak. Siri ilikuwa ndani ya mpira wenyewe. Mpira wa kawaida hukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, ukawa kama plastiki, ukapoteza mshiko. Mpira wa Blizzak na ndugu zake ulichanganywa ili ubaki laini kwenye baridi ya chini ya sifuri, ukawekewa vitundu vidogo vya kunyonya utando wa maji ulio juu ya barafu, na kila jino likakatwa chale nyembamba nyingi zenye kingo za kukwaruza. Neno STUDLESS maana yake ni "bila misumari" tu. Ni neno lililozaliwa na ugomvi wa vumbi, na ubavu wa tairi la kaka yangu ulikuwa bado unautaja ugomvi huo.

Sasa fikiria mpira huo Kampala. Mjini kwetu joto la mchana hukaribia nyuzi 28 mara nyingi, na lami ya jua la saa nane huwezi kuikanyaga kwa miguu mitupu. Ulaini ambao Sapporo ni uhai, hapa ni uji. Jino linapinda gari likifunga breki, chale zake zinafumbana, tairi linalika haraka. Mvua ikinyesha hali inakuwa mbaya zaidi, na hili ndilo lililonishangaza nilipoanza kusoma, maana nilidhani tairi la theluji lazima liwe bora kwenye maji. Sivyo. Tairi la barafu hutaka mpira mwingi uguse barabara, hivyo mifereji yake mikubwa ni michache. Maji ya mvua ya Kampala hayana pa kupitia, yanabaki chini ya tairi, na gari linaelea. Madereva wa Japani wenyewe huonywa wasiendelee kutumia matairi hayo baada ya majira ya baridi, na hasa wajihadhari nayo siku za mvua.

Lilifikaje kwetu? Ndani ya mlango wa dereva palikuwa na karatasi ndogo ya rangi ya samawati iliyobandikwa na gereji ya huko, kumbukumbu ya kubadilisha oili. Sikuweza kusoma maandishi, ila namba ya simu ilianza na 011, ambayo ni namba ya eneo la Sapporo. Chini ya gari, vyuma vilikuwa na kutu nyingi kuliko gari la umri ule linavyostahili, jambo linalolingana na barabara zinazomwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Kwa mwanafunzi wa historia hivyo ni vyanzo viwili visivyofahamiana vinavyosema jambo moja, na nadhani mhadhiri wangu angenipa alama kwa hilo.

Japani ina utaratibu wa ukaguzi wa lazima. Gari jipya la abiria hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi hugharimu. Gari linapozeeka mwenyewe huona ni nafuu kuliacha kuliko kulikagua tena. Gari hilo huingia mnadani, mnunuzi wa ng'ambo hulichukua, meli huileta Mombasa, na lori au dereva wa kukodi hulipandisha hadi kwenye mabondi ya Kampala. Usukani uko kulia, sawa na huku. Tangu uchumi ulipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 njia hii ndiyo imeijaza Uganda magari. Anayeuza gari Sapporo mwezi wa Januari huliuza na matairi ya Januari. Hana sababu ya kumvalisha mgeni viatu vipya. Wala mwenye bondi hana sababu ya kuyavua, kwa sababu mnunuzi akiona meno marefu hufurahi, kama sisi tulivyofurahi.

Mwaka 2018 Bunge la Uganda lilibadili sheria ya usalama barabarani na kuzuia kuingizwa kwa magari yaliyotimiza miaka 15. Ulikuwa mjadala mkubwa, watu walihesabu umri wa magari hadi vijiweni. Umri wa tairi sikusikia mtu akiuhesabu.

Hapo ningeweza kuishia, na insha ingekuwa ya jinsi kitu kigeni kinavyotufikia tusikielewe. Lakini yule mzee wa Katwe hakukubali. Niliporudi kwake na maelezo yangu ya Sapporo na Sendai alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema tulikuwa tunajua kuchagua matairi kabla baba yangu hajazaliwa. Alisema alipokuwa mtoto wa shule alisimama kando ya barabara akiwa amelowa, akasubiri magari ya Safari. Alichokumbuka zaidi ya sauti ni wembamba wa matairi. "Membamba kama ya pikipiki," alisema, "na mawili mengine nyuma."

Mashindano ya Safari yalianza 1953, yakiitwa Safari ya Kutawazwa kwa sababu ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika Pasaka, yaani wakati wa masika. Sidhani waandaaji walikosea kalenda. Tope lilikuwa sehemu ya mtihani. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 tena. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404, gari ambalo wazee wetu walilijua kama gari la familia na la teksi. Halikuwa na kasi ya kutisha. Lilikuwa refu kutoka ardhini, na magurudumu yake yalikuwa membamba na makubwa.

Wembamba huo una maana. Tope la barabara ya udongo mwekundu ni tabaka laini juu ya ardhi ngumu. Tairi pana hulielea tabaka hilo, kama mtumbwi. Tairi jembamba hulikata, likashuka hadi penye ardhi, likasukuma kutoka hapo. Na hii ndiyo kanuni ileile ya theluji. Waswidi na Wafini walikuja Safari wakiijua tayari. Hannu Mikkola, Mfini, alikuwa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, mwaka 1972 katika Ford Escort. Björn Waldegård, Mswidi, alishinda mara 4 kati ya 1977 na 1990. Juha Kankkunen, Mfini mwingine, mara 3. Watu huuliza kwa nini watu wa barafu walifaulu Afrika. Nadhani jibu moja ni kwamba walikuwa wamekulia kwenye barabara isiyoshika, kama yetu ya Aprili.

Mwaka ambao napenda kuufikiria ni 1973. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia ya viwanda vya sukari. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na Mehta akawa miongoni mwa waliohamia Kenya. Pasaka iliyofuata aliendesha Datsun 240Z, gari la kasi kwelikweli, lenye milango miwili na boneti refu, lililobuniwa kwa barabara nzuri za Marekani na Japani. Mwishoni alama zake za adhabu zililingana sawasawa na za Harry Källström, Mswidi, aliyekuwa pia kwenye Datsun. Mtu wa theluji na mtu wa tope walikuwa wamefika mahali pamoja. Kanuni ya kuwatenganisha waliolingana ikampa Mehta ushindi. Alishinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982, na vitabu humwandika Mkenya. Uganda ilimpoteza na muda mfupi baadaye ikayapoteza mashindano yenyewe, kwani kufikia katikati ya miaka ya 1970 Safari ilikuwa imebaki Kenya peke yake.

Mzee wa Katwe hakumtaja Mehta mpaka nilipomtaja mimi. Alipomtaja alisema tu, "Huyo alikuwa wa hapa."

Sitaki kudai kwamba maarifa yalifungasha mizigo yakaondoka naye. Mashindano ya ndani ya Uganda yaliendelea, na mwaka 1999 Charles Muhangi wa Uganda alikuwa bingwa wa Afrika. Wanaoshiriki mashindano hayo wanajua matairi yao kama mkulima anavyojua mbegu. Kilichopotea ni daraja kati yao na sisi wa kawaida tunaonunua magari ya kasi. Mzee alipokuwa mtoto, gari la mashindano lilipita mbele yake likiwa na tope, akaona limevaa nini. Kaka yangu alilijua gari la mashindano kupitia picha, na picha anazozipenda vijana ni za lami: gari limeinama chini, rimu pana za inchi 18, na tairi jembamba kutoka juu hadi chini kiasi cha kuonekana kama limepakwa rangi. Hata mabingwa wa dunia huvaa inchi 18 kwenye lami tu. Kwenye udongo wa Kenya na kwenye theluji ya Uswidi, gari lilelile la kiwanda huvalishwa rimu ndogo za inchi 15 na tairi lenye ubavu mrefu, na huko Uswidi tairi huwa jembamba zaidi na lina misumari zaidi ya 380. Vijana wa Makindye wanaweka inchi 18 kwenye barabara ambayo shimo lake la Jumatatu linakuwa bwawa Ijumaa.

Kwa hiyo, nikirudi kwenye swali la mzee, kuna mambo mawili katika tairi, na yana historia tofauti. Umbo husafiri vizuri. Rimu ndogo, ubavu mrefu, upana wa kiasi: mtu wa Sapporo anavihitaji, na mtu wa Salaama Road anavihitaji pia. Mpira wenyewe hausafiri. Umechanganywa kwa ajili ya joto la mahali fulani, na nje ya mahali hapo hauwi dhaifu kidogo tu, unageuka kitu kingine. Gari la kaka lilitufikia likiwa limekosea pande zote mbili: lilikuwa na mpira wa Sapporo juu ya rimu za inchi 17, ambazo hata mwenyewe wa kwanza huenda aliziweka kwa ajili ya sura.

Na kaka? Alikuwa akienda kasi kuliko inavyofaa kwenye mteremko wenye maji. Nilikuwa kiti cha pembeni na niliona mshale. Haikuwa kasi ya wazimu, na kwa matairi ya kufaa nadhani gari lingesimama, ila "nadhani" hiyo siwezi kuigeuza kuwa ushahidi kwa sababu nampenda. Nilimpelekea kijana wa bodaboda maelezo haya yote alipokuwa bado nyumbani kwao Lukuli, mguu ukiwa na chuma. Tulizungumza Kiganda. Nilitumia neno omupiira, ambalo ni ndugu wa mpira wetu, nikamweleza kwamba omupiira ule ulikuwa wa barafu. Alinyamaza, akaniuliza barafu inatelezaje, kwa kuwa hajawahi kuikanyaga. Nikamwambia nami sijawahi. Kisha akauliza, "Ssebo, yalikuwa yameandikwa?" Nikasema yalikuwa yameandikwa. "Kwa lugha gani?" Nikasema Kiingereza. Hakuuliza tena. Mama yake alituletea chai, na kaka, ambaye alikuwa ameketi karibu na mlango muda wote huo bila kusema neno, aliinuka akatoka nje.

Hospitali ililipwa kwa pesa ambazo kaka alikuwa amezitenga kwa mambo mengine, na rimu za inchi 17 ziliuzwa ili kukamilisha. Hapo ndipo swali la kuchagua likawa la kweli. Miongoni mwa saizi ambazo Impreza za miaka ile ziliondoka nazo kiwandani ni 215/45R17 na 205/55R16. Nilizipigia hesabu usiku mmoja nikijifanya nasoma kwa ajili ya mtihani. Kipenyo cha gurudumu la kwanza ni kama milimita 625, cha pili kama 632. Tofauti ni asilimia 1 tu, mshale wa kasi hauwezi kusema uongo wa maana. Lakini ubavu wa tairi la kwanza ni milimita 97 na wa pili 113. Milimita hizo 16 za mpira na upepo ndizo zinazosimama kati ya rimu na shimo. Nati ni tano, na umbali wake kwenye WRX ile ni milimita 100. Jambo hili nalisema kwa sababu ndugu yake mkubwa, STI, tangu 2005 ana 114.3, na breki zake kubwa hazikubali rimu ya inchi 16. Watu wamenunua rimu nzuri wakazirudisha.

Kaka hakutaka 16. Alisema gari litaonekana kama la mwalimu. Baba yetu ni mwalimu, na alikuwa ameketi hapohapo akisikiliza redio. Aliipunguza sauti, akatuangalia, akaiongeza tena.

Tulipokwenda kununua tairi, mzee wa Katwe alikuja nasi. Hakuuliza jina la kampuni kwanza. Aliangalia tarehe, akakataa yaliyokaa dukani miaka mitano hata kama yalikuwa na karatasi zake. Alitafuta mifereji mipana inayozunguka tairi lote, si chini ya mitatu, akapitisha kidole ndani yake kama anayepima kina cha jembe. Alibonyeza ukucha, na safari hii haukuzama. Akaniambia nisome namba ya mzigo na kasi, kwa kuwa macho yake hayaoni tena herufi ndogo: 91V, yaani kila tairi hubeba kilo 615 na huvumilia hadi kilomita 240 kwa saa. Kaka aliposikia 240 alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na mzee akamwambia namba hiyo ni ya tairi, si yake.

Tuliweka yale manne. Kwa barabara za udongo zinazopanda kwenda kijijini kwetu mzee alishauri seti ya pili yenye meno makubwa yaliyoachana, ili tope lidondoke badala ya kuganda, na akaongeza kuwa meno hayo yasitumike mjini. Seti hiyo hatujainunua. Pesa haijapatikana, na wakati wa masika tunakwenda kijijini kwa basi.

Yule kijana alirudi barabarani Julai 2018. Anachechemea kidogo, na akiniona mteremkoni hunipigia honi. Gari bado lipo. Mwaka uliofuata mvua ya Novemba ilitukuta mahali palepale, na nilimwona kaka akishusha gia mapema mno, magari ya nyuma yakatupigia honi, naye hakujali.

Yale matairi manne ya Sapporo fundi wa viatu wa Katwe aliyakataa. Tulidhani atayanunua akate lugabire, akasema mpira ni laini, soli haitamaliza mwezi. Mama akayalaza nyuma ya nyumba, akayajaza udongo, akapanda nakati. Mvua ikinyesha yanashika maji vizuri. Moja limelala ubavu ukitazama juu, na herufi bado zinasomeka.